Barua ya wazi kwa watunza kumbukumbu za askari: Mnao watu wawili, sisi tulimzika mmoja

Kiloleni,
Tabora.

Kwa Wakuu wenye dhamana ya kumbukumbu na nishani za askari.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHWA KWA KUMBUKUMBU ZA NISHANI ZA MAREHEMU BABA YANGU, MGAMBO ALIYEPIGANA VITA VYA KAGERA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni wazee wangu. Hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nilizitia kwenye bahasha, nikazifunga, nikazipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata moja iliyojibiwa kwa maandishi. Hii ya tano sikuifunga.

Jina la baba silitaji hapa. Mnalo, na namba yake mnayo, kwenye zile barua nne. Mama yangu bado yu hai, na ameniomba jina la mumewe lisisomwe na watu wasiomjua mpaka liwe limesafishwa. Nimemtii.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo. Alikuwa mgambo wa kijiji, kijana wa miaka 23, ana mke na mtoto mmoja, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na siku chache baadaye kuharibu daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin tunavyo, baba alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, maana redio ilikuwa hapo. Siku chache baadaye aliitwa. Alipanda treni hapa Tabora hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Hakuwa amewahi kuona maji mengi kiasi hicho.

Naeleza haya ili ieleweke kosa lilianzia wapi. Jeshi letu kabla ya vita lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika majuma machache liliongezeka likapita 150,000, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Kila mmoja wao ilibidi aandikwe jina, apewe namba, avishwe, apewe bunduki na kupangiwa kombania. Makarani waliandika usiku kwa taa ya chemli, wakiandika wanachosikia. Simlaumu karani hata mmoja wa wakati ule. Ninaowaandikia ni ninyi mlio ofisini leo, mchana, wenye umeme na kompyuta.

Sasa nieleze malalamiko yangu.

1. Jina.

Jina la ukoo wetu ni la Kinyamwezi na lina L mbili. Tabora, siku ya kuitwa, baba aliandikwa kwa L, sawasawa. Huko mbele, alipoandikwa mara ya pili akiwa amelala kwenye machela, karani aliandika R mbili. Baba alilijua hilo. Aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa na homa, na yule kijana hakuwa mtu wa huku." Hakuliona kuwa jambo kubwa, kwa sababu kila mtu wa kwetu analijua. Mtemi wetu aliyefariki mwaka 1884 vitabu vingi vinamwandika Mirambo, na shule ya sekondari ya hapa mjini inaitwa Milambo. Sijasikia mtu akidai kwamba walikuwa watemi wawili.

Lakini kwenye kumbukumbu zenu, baba yangu ni watu wawili.

2. Mafaili mawili.

Hapa ndipo penye uzito, na naomba msome polepole.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 baba alikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, kwenye barabara inayokatiza kinamasi, kati ya Masaka na Kampala. Alikuwa na Brigedi ya 201, ambayo wengi wao walikuwa mgambo kama yeye. Yaliyotokea usiku ule si siri tena, wanahistoria wameyaandika. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walishambulia wakiwa na vifaru na makombora ya Katyusha. Vijana wengi wa 201 walikuwa hawajawahi kusikia mlio wa aina ile. Safu ikavunjika, watu wakatawanyika gizani na kuingia kwenye matope.

Baba na wenzake watatu walikaa kwenye maji ya kiuno mpaka alfajiri, bunduki wamezibeba juu ya vichwa zisilowe. Alikuwa akitusimulia habari za vyura. Vyura wakilia, walijua hakuna mtu anayesogea karibu. Wakinyamaza, nao walizuia pumzi. Hadi anakufa, baba akikaa barazani usiku wa masika na vyura wa bondeni wakanyamaza ghafla, aliinuka akaingia ndani.

Alfajiri ya tarehe 11, Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka, iliwaingilia adui kwa ubavuni. Baba na wenzake waliwaona wa kwetu, wakatoka kwenye majani huku wakipiga kelele kwa Kiswahili ili wasije wakapigwa, wakajiunga nao. Hawakurudi nyuma kutafuta kikosi chao. Walikwenda mbele na waliokuwa mbele. Kabla jua halijawa kali, kipande cha kombora kilimpata baba kwenye paja la kushoto.

Aliyembeba ni mtu wa 208, na aliyemwandika aliandika kwenye orodha ya majeruhi waliotoka huko. Kwa R mbili.

Kwa hiyo mnalo faili moja la mtu mwenye L, mgambo wa Tabora, Brigedi ya 201. Ukurasa wake wa mwisho unasema: "Hakuonekana kikosini tangu tarehe 10 Machi 1979." Halafu mnazo karatasi za mtu mwenye R, aliyejeruhiwa Lukaya tarehe 11 Machi 1979, akatibiwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na baadaye akatunukiwa medali ya vita. Mtu huyo wa pili hana kijiji, hana baba, hana siku ya kuzaliwa. Hakuna ukoo uliowahi kumdai. Hajawahi kuwapo, isipokuwa kama kosa la kalamu.

Majina mawili ya mwanzo ni yaleyale kwa wote wawili, na namba ya jeshi inatofautiana tarakimu moja, ya mwisho, 1 na 7. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 26. Nimeona mara nyingi 1 ya mtu mwenye haraka ikisomwa 7.

3. Neno "hakuonekana".

Baba alifariki bila kuliona neno hilo, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Sisi tulilijua siku ya pili ya msiba. Tulikuwa tumeomba uthibitisho ili wastaafu wenzake wamzike kama askari aliyetunukiwa. Kijana aliyetumwa kutuletea majibu alisimama katikati ya uwanja, watu wamekaa kwenye majamvi, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kwenye kumbukumbu mzee hana medali, na kwamba inaonekana aliondoka kikosini. Hakukusudia ubaya. Alisoma alichoandikiwa. Lakini maneno hayo yalisikika, na msiba una masikio mengi.

Tulimzika bila bendera. Wazee watatu waliopigana naye walikuja na medali zao kifuani, wakasimama kando ya kaburi, wakapiga saluti kwa hiari yao. Huo ndio mkono wa heshima alioupata.

Tangu siku ile, mtaani kwetu kuna watu wanaosema mzee alikimbia vita. Kuna mtoto alimwambia hivyo mjukuu wake shuleni. Na mama yangu, ambaye mwaka 1979 alikaa miezi minne bila kujua kama ni mke au mjane, ambaye alilisafisha lile jeraha kwa maji ya chumvi lilipofumuka tena mwaka uliofuata, amelisikia hilo sokoni. Waheshimiwa, mtu anaweza kuishi bila medali, wengi waliistahili na hawakuipata. Lakini kuitwa mtoro ukiwa kaburini, huna kinywa cha kujibia, ni jambo jingine kabisa.

4. Jeraha.

Halimo kwenye faili lenye jina lake la kweli. Limo kwenye lile jingine. Nadhani nimeshaeleza vya kutosha.

5. Namna tulivyopokelewa.

Barua ya kwanza niliambiwa ina upungufu: haikuwa na cheti cha kifo. Nikakipata RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, nikarudi. Ya pili niliambiwa ninapaswa kuwa msimamizi wa mirathi. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo, nikateuliwa, nikarudi na barua. Ya tatu nilitakiwa kuleta kiapo, barua ya mwenyekiti wa mtaa na ya mtendaji wa kata. Nikaleta vyote. Ya nne nilijibiwa kwa mdomo, dirishani: "Mwalimu, suala hili angelishughulikia mhusika mwenyewe." Nilimwambia yule dada kwamba mhusika amefariki, na ndiyo maana cheti cha kifo kimo ndani ya bahasha aliyoshika. Akasema basi faili halionekani kwa sasa, nirudi. Nimerudi mara sita. Kila safari naomba ruhusa kazini, na darasa la watoto wengi linabaki na mwalimu mwenye darasa lake jingine.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Najua pia majibu yanayoweza kutolewa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia.

Mtasema ni zamani mno. Ni kweli ni zamani. Lakini karatasi inayomwita baba mtoro ni ya zamani hizohizo, na mliiona haraka sana siku ya msiba. Kama ile ya L inapatikana kwa siku moja, na ile ya R ipatikane.

Mtasema mgambo hakuwa askari kamili. Sijui ni nani anaweza kuyasema hayo mbele ya kinamasi cha Lukaya. Walioupokea moto wa kwanza usiku ule wengi walikuwa mgambo. Risasi haikuwauliza waliandikishwa wapi. Na medali ya vita baba alipewa kwa mkono wa serikali, mchana, mbele ya watu. Serikali ilikuwa imeshaamua.

Mtasema hizi ni nyaraka za jeshi, zina usiri wake. Nauheshimu usiri huo. Siulizi mizinga ilikuwa wapi wala nani alitoa amri gani. Naulizia ukurasa mmoja wa mkulima mmoja.

Mtasema pia, na hili nalichukulia kwa uzito, kwamba wapo watu wanaojipachika ushujaa wa vita ambavyo hawakuvipigana, na ninyi mnao wajibu wa kuilinda nishani isivaliwe na kila mtu. Hapo niko upande wenu. Baba mwenyewe alikuwa akikasirika akiona kijana amevaa medali ya kuokota. Ndiyo maana siombi mniamini kwa machozi. Naomba mchunguze, tena mchunguze kwa ukali. Linganisheni mwandiko, linganisheni namba, linganisheni tarehe ya kujeruhiwa na tarehe ya kupotea. Ulizeni ni vipi mtu mmoja anatoweka usiku pale Lukaya, na asubuhi yake anatokea hapohapo mtu mwingine mwenye majina yaleyale, ambaye hakuwahi kuandikishwa popote kabla ya siku hiyo.

Na mtu akisema kwamba mkinifungulia mimi, wengine nao watakuja: waache waje. Wanyamwezi waliokwenda vitani hawakuwa watatu, na Waha wa Kigoma na Wasukuma wana majina yao ambayo makarani wa nchi nzima waliyapindisha. Kama kosa hili limo kwenye mafaili mengi, basi kazi ni kubwa, na ianze mapema, maana mashahidi wanaondoka. Katika wale wanne waliolala kwenye maji usiku ule, amebaki mmoja.

Sidai fedha. Hata senti moja. Mama hadai mafao, na nimeliandika hilo kwenye kiapo ili lisiwe kikwazo.

Ninachoomba ni hiki. Mafaili hayo mawili yaunganishwe, yasomeke kama ya mtu mmoja kwa jina lake la kweli. Jeraha la tarehe 11 Machi 1979 na medali ya vita viingizwe humo. Na lile neno "hakuonekana" lipatiwe maelezo yake: kwamba alipotezana na kikosi usiku wa tarehe 10, akajiunga na kikosi kingine, akaendelea kupigana mpaka alipojeruhiwa. Siombi karatasi ya zamani ichanwe. Kwenye daftari la mahudhurio sisi walimu hatufuti kwa wembe. Tunapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa linabaki likisomeka, tunaandika lililo sahihi pembeni, tunatia saini na tarehe. Nafanya hivyo kwa mtoto wa darasa la pili aliyeandikwa mtoro siku aliyokuwa zahanati. Naomba baba yangu naye afanyiwe hivyo.

Kisha mama apewe barua yenye muhuri, kwa Kiswahili cha kawaida, inayosema mumewe alipigana wapi na alitunukiwa nini. Amesema ataiweka kwenye fremu sebuleni, ili mjukuu akiulizwa tena awe na mahali pa kuwapeleka wenzake.

Na kama baada ya kuchunguza mtaona nimekosea, nijibiwe kwa maandishi, na sababu zake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuuliza. Nami naomba jibu ndani ya siku 60 tangu barua hii kutoka. Jibu la hapana nitalisoma. Nisiloweza kuendelea nalo ni dirisha na "rudi wiki ijayo".

Mwenzake aliyebaki yuko Urambo. Ni mzee sasa, haoni vizuri jicho moja, lakini anakumbuka jina la kila mtu wa platuni yao na anayataja kwa mpangilio waliokuwa wakisimama gwarideni. Maelezo yake nimeyaandika na ameyawekea dole gumba mbele ya wakili. Yuko tayari kuja kusimama mbele yenu siku mtakayomwita. Anaomba tu aarifiwe siku mbili kabla, kwa sababu anatembea kwa fimbo na kituo cha basi kiko mbali na kwake.

Medali yenyewe tunayo. Baba aliiweka kwenye mkebe wa Africafe, kahawa ya Bukoba, pamoja na karatasi ya kuruhusiwa kurudi nyumbani na kipande cha chuma kilichotolewa kwenye paja lake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alikuwa akiufungua asubuhi na mapema, anaipangusa medali kwa kitambaa, anaivaa kwenye koti lake la kijani, na jioni anairudisha. Mkebe uko kabatini kwa mama. Yeyote mtakayemtuma aje auone tutampokea, na atakaribishwa chakula.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa tatu wa marehemu,
kwa niaba ya mama na ndugu zangu.